Nikolai Vavilov: mkusanya mbegu aliyekufa kwa njaa

Alizunguka mabara matano akitafuta mbegu ili watu wasife njaa. Mwezi Januari 1943 yeye mwenyewe alikufa kwa njaa gerezani, mikononi mwa dola aliyoitumikia.

Mwezi Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba idadi ya watu duniani imefikia bilioni 8. Kila hesabu ya namna hiyo inapotolewa, swali la chakula huifuata nyuma kama kivuli: watakula nini, na nani atakula kwanza? Wakubwa huzungumzia mbolea, maji, mikopo na bei. Mbegu hutajwa mwishoni, ikibahatika kutajwa. Lakini karibu miaka mia moja iliyopita alikuwapo mtaalamu mmoja wa mimea, Mrusi, aliyeanza na mbegu na kumaliza na mbegu, na ambaye kazi yake bado imo ndani ya mikate inayoliwa leo na watu wasiopata kulisikia jina lake.

Nikolai Ivanovich Vavilov alizaliwa mjini Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Baba yake alikuwa mtoto wa mkulima maskini aliyetoka kijijini akiwa mdogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mfanyabiashara wa nguo mwenye uwezo. Nikolai alipokuwa na umri wa miaka minne, mavuno yaliharibika katika sehemu kubwa ya Urusi, hasa nchi za mto Volga, na njaa ya mwaka 1891 na 1892 ikaua mamia ya maelfu ya watu. Katika familia ambayo kijiji hakikuwa mbali nayo, njaa haikuwa hadithi ya kale. Watoto wawili wa kiume wa nyumba hiyo waliingia katika elimu. Mdogo, Sergei, alikuja kuwa mwanafizikia mashuhuri. Mkubwa alichagua shamba.

Mwaka 1906 alijiunga na Taasisi ya Kilimo ya Moscow, na utafiti wake wa kuhitimu ulihusu konokono wasio na makoa wanaoharibu mazao. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mwanasayansi aliyeipa jina elimu ya urithi wa viumbe, jenetiki. Elimu hiyo ilikuwa bado changa. Kanuni za Mendel zilikuwa zimefufuliwa mwaka 1900 tu, baada ya kusahauliwa kwa muda mrefu. Vavilov alishughulika na swali ambalo mkulima yeyote angelielewa: kwa nini ngano hii inashambuliwa na kutu, na ile iliyo jirani yake, katika udongo ule ule na mvua ile ile, inasimama salama? Jibu lilikuwa katika nasaba ya mmea. Kama ni hivyo, basi dawa ya ugonjwa wa ngano ya Urusi huenda ilikuwa imekwisha kuota mahali fulani duniani, katika shamba la mkulima asiyejua kusoma. Ilibaki kuitafuta.

Mkate uliolevya

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirejea nyumbani. Jicho lake lenye kasoro lilimwepusha na jeshi, lakini mwaka 1916 jeshi lilimwita kwa njia nyingine. Askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walikuwa wakila mkate na kuyumba kama walevi. Vavilov alichunguza nafaka yao akagundua kwamba ngano ilichanganyika na gugu linalofanana nayo, ambalo mbegu zake hubeba sumu ya kuvu. Akashauri unga wa hapo usitumiwe, na kazi ya jeshi ikaishia hapo. Yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Aliendelea na safari hadi milima ya Pamir, na njiani aliwahi kuzuiliwa na askari wa nchi yake mwenyewe waliomdhania kuwa jasusi wa Ujerumani, kwa sababu alibeba vitabu vya kigeni. Waliomzuia safari hiyo walimwachia baada ya siku chache.

Huko milimani aliona jambo lililombadilisha fikra. Katika mabonde ya chini wakulima walipanda ngano, na nafaka iitwayo rai ilikuwa gugu ndani yake, gugu ambalo wakulima walilichukia. Kadiri alivyopanda juu, baridi ilivyozidi, ngano ilidhoofika na rai ikaongezeka, hadi kufikia mahali ambapo mkulima aliyepanda ngano alivuna rai. Mwishowe watu walikubali yaishe, wakaipanda yenyewe. Kwa maneno mengine, zao ambalo limelisha Urusi, Ujerumani na Poland kwa karne nyingi lilianza kama mgeni asiyealikwa katika shamba la mwingine. Tangu hapo Vavilov hakuliangalia gugu lolote kwa dharau.

Mwaka 1917 alikwenda kufundisha Saratov, mji ulio kando ya Volga. Mapinduzi yalimkuta huko, na vita vya wenyewe kwa wenyewe pia. Mwezi Juni 1920, katika mkutano wa wataalamu mjini humo, alieleza kanuni aliyoigundua: mimea ya ukoo mmoja hubadilika kwa mfuatano unaofanana, hivi kwamba ukijua aina zilizopo katika mmoja, unaweza kukisia zitakazopatikana katika ndugu yake, hata kama hakuna mtu aliyekwisha kuziona. Wenzake walimfananisha na Mendeleev, aliyeacha nafasi wazi katika jedwali lake kwa ajili ya elementi ambazo hazijagunduliwa. Mwaka uliofuata alihamia Petrograd, baadaye Leningrad, kuongoza idara ya mimea ya kilimo. Mwaka huo huo njaa nyingine ilizikumba nchi za Volga na kuua watu wapatao milioni 5. Vavilov alitumwa Marekani kutafuta mbegu.

Safari ya Uhabeshi

Kuanzia hapo maisha yake ni orodha ya safari. Mwaka 1924 alikaa miezi mitano Afghanistan, akipita kwa msafara wa farasi katika njia ambazo wataalamu wachache wa Ulaya walikuwa wamezikanyaga. Mwaka 1926 na 1927 alizunguka nchi za Bahari ya Kati, kuanzia Syria, ambako malaria ilimshika, hadi Algeria, Moroko, Ugiriki, Italia na Hispania. Mwaka 1929 alikuwa magharibi mwa China, Japani na Korea, na karibu na mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, aliona misitu ya matofaa ya mwitu akatambua kwamba hapo ndipo tofaa la bustani lilipotoka. Halafu Meksiko, Guatemala, Peru, Bolivia, Brazili. Alikuwa mtu wa usingizi mchache, mwenye lugha nyingi, na wasaidizi wake walichoka kabla yake.

Safari inayotugusa zaidi sisi wa pande za Afrika Mashariki ni ile ya mwishoni mwa 1926 na mwanzoni mwa 1927. Vavilov alishuka Jibuti, akapanda treni hadi Addis Ababa, na huko akapokelewa na Ras Tafari, aliyekuja kutawazwa mwaka 1930 kwa jina la Haile Selassie. Mtawala huyo alitaka kujua habari za Urusi na yaliyoipata familia ya kifalme baada ya mapinduzi. Kwa mtu aliyekuwa anaukaribia ufalme, hilo halikuwa swali la mazungumzo ya chai tu. Vavilov alipata ruhusa aliyoihitaji, akakodi nyumbu na watu, akaelekea kaskazini hadi Eritrea.

Alichokiona kilimshangaza. Nchi ambayo Ulaya iliiita nyuma kwa maendeleo ilikuwa na hazina ya ngano ngumu na shayiri kuliko nchi nyingi zilizojiita za mbele. Ndani ya shamba moja dogo aliweza kuokota ngano za rangi na maumbo mbalimbali zilizopandwa pamoja, ambapo ukame au ugonjwa ukiiua moja, nyingine ingebaki. Alikuta ngano ngumu isiyo na ndevu. Aliiona tefu inayopikwa injera, na akaihesabu Uhabeshi miongoni mwa vitovu vikuu ambako mimea ya chakula ilizaliwa. Kahawa ni ya huko. Katika orodha ya mazao aliyoyahusisha na eneo hilo la Afrika yamo mtama na wimbi, vyakula ambavyo vijana wengi wa miji yetu siku hizi huvionea haya mbele ya wageni.

Hoja yake kuhusu vitovu hivyo ilichapishwa mwaka 1926 na kumpatia Tuzo ya Lenin. Alianza na vitovu vitano, baadaye akavifanya vinane, karibu vyote katika nchi za milima za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini na Kati. Wataalamu waliofuata wamezibadilisha sehemu za ramani hiyo, na mengine yamekataliwa. Kiini chake kimesimama: utajiri wa mbegu unapatikana hasa katika nchi ambazo leo zinahesabiwa maskini.

Kufikia mwaka 1940 taasisi yake katika uwanja wa Mtakatifu Isaac, Leningrad, ilikuwa na sampuli za mbegu zipatazo 250,000. Hapakuwa na hazina nyingine kama hiyo duniani.

Haraka ya Stalin

Mbegu hizo zilihitaji muda. Kutoa aina mpya ya ngano, kuipima na kuizidisha, ni kazi ya miaka kumi au kumi na miwili. Stalin hakuwa na miaka hiyo, au hakutaka kuwa nayo. Kuanzia 1929 wakulima walilazimishwa kuingia katika mashamba ya ujima, nafaka yao ikachukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni wakafa kwa njaa Ukraine, Kazakhstan na katika nchi za Volga. Njaa hiyo haikuletwa na upungufu wa mbegu bora. Ililetwa na amri. Lakini dola isiyoweza kukiri hivyo ilihitaji mtu wa kulaumiwa, na mtu wa kuahidi muujiza.

Wa kuahidi alikuwa Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima wa Ukraine, aliyedai kwamba mbegu ikilowanishwa na kuwekwa kwenye baridi kabla ya kupandwa itabadilika tabia na kuongeza mavuno. Sehemu ya jambo hilo ilikuwa na ukweli mdogo, uliojulikana zamani. Lysenko akaukuza ukweli huo hadi ukawa imani, akazikana jeni, na akawaita waliozifuata maadui wa watu. Haki inadai isemwe kwamba Vavilov mwenyewe alimpa nafasi mwanzoni. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 alimsifu hadharani, akidhani kwamba kijana huyo wa mashambani atajifunza, na kwamba majaribio yatamrudi. Alikuwa bado anaamini kwamba mabishano ya sayansi huamuliwa na shamba.

Mwaka 1931 ilitoka amri kwamba aina mpya za mazao zipatikane kwa miaka minne au mitano. Vavilov alieleza kwamba haiwezekani. Lysenko aliahidi kwa muda mfupi hata kuliko huo. Mwaka 1935 Vavilov aliondolewa urais wa akademia ya kilimo ambayo aliiongoza tangu ilipoanzishwa mwaka 1929, na mwaka 1938 kiti hicho kikakaliwa na Lysenko. Wenzake wakaanza kutoweka mmoja mmoja. Mkutano wa dunia wa jenetiki uliopangwa kufanyika Moscow mwaka 1937 ulifutwa, ukahamia Edinburgh mwaka 1939. Vavilov alichaguliwa kuwa rais wake, akanyimwa ruhusa ya kusafiri. Angeweza kukaa kimya, kama wengi walivyofanya, na pengine kimya kingemwokoa. Hakunyamaza.

Gereza la Saratov

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi mwa Ukraine, karibu na Chernivtsi, akikusanya mimea. Watu waliofika kwa gari walimwambia anahitajika Moscow haraka. Wenzake walipoufungua mfuko wake baadaye walikuta fungu la ngano ya kale aliyoiokota siku ile ile. Hawakumwona tena.

Alituhumiwa kufanya ujasusi kwa ajili ya Uingereza, kuongoza chama cha siri cha wakulima, na kuhujumu kilimo. Mahojiano yalifanyika mara mamia, mengine usiku kucha akiwa amesimamishwa. Tarehe 9 Julai 1941, katika kesi iliyochukua dakika chache, alihukumiwa kifo. Wajerumani walipoikaribia Moscow mwezi Oktoba, wafungwa walihamishwa, na Vavilov akapelekwa Saratov, mji ule ule aliokuwa profesa kijana. Aliwekwa chini ya ardhi pamoja na wafungwa wengine waliongoja kuuawa. Hapo alifanya alichokijua: aliwafundisha wenzake kwa zamu, na wao wakamfundisha wanachokijua. Alikuwa pia ameandika gerezani kitabu cha historia ya kilimo duniani. Muswada huo haukupatikana tena.

Mwaka 1942 adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20, na mwaka huo huo Royal Society ya London ilimchagua kuwa mwanachama wake wa kigeni bila kujua alipo. Chakula chake kilikuwa kabichi iliyooza na unga wenye ukungu. Alifariki dunia tarehe 26 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 55, mwili ukiwa umeishiwa kwa utapiamlo. Mkewe wa pili, Elena Barulina, mtaalamu wa adesi, alikuwa amekimbilia vita katika mji huo huo wa Saratov pamoja na mtoto wao Yuri. Kwa kuwa aliamini kwamba mumewe yuko Moscow, vifurushi vya chakula alivyovikusanya kwa taabu alivituma Moscow. Gereza lilikuwa mwendo wa miguu kutoka alipoishi.

Mbegu ndani ya mzingiro

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Mzingiro ulianza tarehe 8 Septemba 1941 na kudumu karibu siku 900, na watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa na baridi. Serikali ilikuwa imeondoa kwa treni hazina za sanaa za jumba la Hermitage. Hazina ya mbegu haikupewa uzito huo. Sehemu ndogo ilipelekwa milima ya Ural. Iliyobaki ilibaki na watumishi wake.

Mwishoni mwa 1941 mgawo wa mkate kwa mtu wa ofisini ulikuwa gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Watumishi wa taasisi walikaa katika vyumba visivyo na moto, wakiwafukuza panya kwenye masanduku, wamezungukwa na mchele, mahindi, ngano na karanga kwa tani. Viazi vya mbegu vilikuwa vimeng'olewa chini ya mizinga kutoka kituo cha Pavlovsk na kuletwa mjini, na vilihitaji kupashwa joto visigande. Mtunzaji wa karanga, Alexander Shchukin, alifia mezani pake. Dmitry Ivanov, aliyetunza mpunga, alikufa huku maelfu ya pakiti zake zikiwa kamili. Liliya Rodina, wa shayiri ya farasi, naye akafa. Wengine wengi wa taasisi hiyo walikwenda kwa njia hiyo hiyo. Hawakuigusa akiba. Waliokufa walikuwa wanafunzi na wasaidizi wa mtu aliyetangazwa kuwa adui wa watu, na jina lake wakati huo halikutamkwa kwa sauti.

Mali ya nani?

Lysenko alifikia kilele cha nguvu zake mwezi Agosti 1948, jenetiki ilipopigwa marufuku, na hakung'olewa kabisa hadi baada ya Khrushchev kuanguka mwaka 1964. Vavilov alisafishwa jina na mahakama mwezi Agosti 1955, na taasisi yake ikapewa jina lake mwishoni mwa miaka ya 1960. Mbegu zake zimeingia katika aina nyingi za mazao ya Urusi na ya kwingineko. Ushahidi wa hoja yake, hata hivyo, hautoki Urusi peke yake. Jeni moja kutoka shayiri ya Ethiopia ndiyo iliyoikinga shayiri ya California dhidi ya virusi vinavyoidumaza na kuifanya ya njano. Mwaka 1999 ilitambuliwa rasmi aina mpya ya kutu ya shina la ngano iliyoonekana Uganda. Ilienea Kenya, Ethiopia, Yemen na hadi Iran. Wataalamu walikusanya ngano za dunia katika kituo cha Njoro, Kenya, wakizipima moja moja kutafuta inayoweza kustahimili. Ni swali lile lile alilokwenda nalo kijana wa Moscow kwa Bateson mwaka 1913.

Kuna upande mwingine ambao masimulizi ya kumtukuza hupenda kuuruka. Vavilov alichukua. Alipita katika mashamba ya watu, akatia mbegu mifukoni, akaondoka, na wakulima wa Uhabeshi, Afghanistan na Peru waliozichagua mbegu hizo kwa vizazi hawakulipwa kitu. Ni kweli kwamba hakuzifungia, alibadilishana na wataalamu wa nchi nyingine, na hakujitajirisha kwazo. Lakini waliokuja baada yake wamejitajirisha. Mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za mbegu, uliopitishwa Roma mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, ulikusudia kurekebisha hilo kwa kuwataka wanaopata faida kuchangia mfuko wa kuwasaidia wakulima wanaohifadhi mbegu za asili. Michango imekuwa midogo sana ikilinganishwa na biashara ya mbegu duniani. Ethiopia haikungoja, ilijenga benki yake ya mbegu tangu mwaka 1976.

Mwili wa Vavilov ulizikwa Saratov katika kaburi la pamoja. Elena Barulina aliishi kuona mumewe akisafishwa jina, akaanza kupanga maandishi yake, na akafariki mwaka 1957 kabla ya kumaliza. Simulizi za safari zake, ikiwemo ile ya Uhabeshi, zilikuwa zimetakiwa kuteketezwa. Mwandishi wake wa hatimkato alificha kurasa nyingi, na mwaka 1962 zikachapishwa kuwa kitabu.